Sasa Ni Gari Tu

Burton, Michigan
9 Novemba 1992

Kaka Royce,

Habari za huko kwenye jua. Sisi huku tunasukuma siku. Theluji ilianguka juzi ikayeyuka, sasa ni matope mpaka mlangoni. Baba anakula vizuri, ila mayai ameyakataa kabisa, anataka uji wa shayiri wenye sukari kama wa mtoto. Tangu kile kiharusi mkono wa kulia bado umelala na mguu unaburuta. Maneno yanatoka machache, na mengine siyo yale anayoyatafuta. Jana alikiita kijiko "Jumatatu", akajua amekosea, akakasirika, akakitupa chini ya jiko. Bi. Odell wa jirani anakusalimu. Bado anajua ya kila nyumba mtaani. Wiki ijayo wanaume wote wanakwenda kuwinda kulungu, mtaa utabaki na wanawake na Baba.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu siwezi kusema. Simu iko ukutani jikoni, kiti cha Baba kiko upande wa pili wa mlango, na kilichobaki kizima mwilini mwake ni masikio. Ukipiga Jumapili nakwambia tuko salama, unasema vizuri sana, unaniuliza baridi ikoje, tunaagana.

Sasa nisikilize. Mimi nilikuja kwa wiki mbili. Nilikuja na begi dogo, ndani nguo za kubadilisha na kitabu nilichokuwa sijamaliza. Huu ni mwaka wa nne. Wewe ulisema kiangazi kikiisha utamchukua, kwamba ni zamu yako. Kiangazi kimeisha. Na kiwanda cha samani kule Grand Rapids kimeniandikia: mwanamke aliyeshika meza yangu ya kushona viti anastaafu, wakinipata kabla ya katikati ya Juni nafasi ni yangu, wasiponipata wanaajiri mtu mwingine. Nina miaka arobaini na mitatu, Royce. Hakuna meza nyingine inayonisubiri popote.

Nataka kutoka. Nampenda Baba na nataka kutoka, yote mawili kwa pamoja, wala sioni haya kuyaandika kwenye karatasi moja. Ninalala kwenye kitanda nilicholala nikiwa darasa la tano. Usiku akigonga ukuta naamka kabla sijajua nimeamka.

La pili ni dogo. Nimefungua gereji nikatoa turubai juu ya gari lake la zamani, ile Corvette. Panya wamezaa kwenye kiti, matairi yamekaa chini, lakini bodi ni nzima. Nimeamua kulifufua majira haya ya baridi, la sivyo nitaanza kuongea na jokofu.

Nijibu kuhusu zamu. Hilo ndilo la kwanza.

Dada yako,
Arlene


Mesa, Arizona
6 Desemba 1992

Leni mdogo wangu,

Barua yako ilinikuta na furaha ikaniongezea. Sisi wazima. Colette amepandishwa cheo pale kwa daktari wa meno, siku hizi anatoa amri mpaka nyumbani, nami mumewe natii. Mimi kazi ya mabwawa ya kuogelea inaniendesha mbio, watu wa huku wanataka kuogelea hata Krismasi. Juzi tulikula nje tukiwa na fulana. Mpe Baba salamu zangu, mwambie timu yake ya mpira imetuaibisha tena.

Leni, nimeisoma habari ya gari nikasimama wima. Unajua una nini ndani ya gereji hiyo? Corvette ya mwaka sitini na nne, bodi ya paa lisilofunguka, injini yake ya kwanza. Watu wanaotafuta magari hayo hawatazami rangi kwanza. Wanainama na tochi, wanatafuta namba iliyogongwa kwenye bloku ya injini, mbele, pembeni mwa silinda, wanailinganisha na namba ya bodi. Zikilingana, ndilo gari lenyewe lililozaliwa kiwandani. Zisipolingana wanazima tochi wanakwenda zao. Na hiyo siyo injini ya hivi hivi tu. Ile F ya mwanzo wa namba ni ya kiwanda cha Flint. Baba alikuwa kwenye laini ya kuunda injini mwaka huo. Huenda ni mkono wake huo uliolala ndio ulioigonga.

Kwa hiyo tafadhali: safisha, usibadilishe. Breki zile zile za dramu, giaboksi ile ile ya gia nne, redio ile ile hata kama haiimbi. Usitupe hata skrubu. Weka kila kitu kwenye mfuko wa nailoni uandike jina. Baba aliniahidi hilo gari siku nilipomaliza shule, wewe ulikuwepo. Nataka liwe kama alivyoliacha.

Kuhusu lile lingine, tuone Pasaka. Mgongo wangu nao si mzuri. Nikija tutakaa chini tuongee kama watu wazima.

Kaka yako akupendaye,
Royce


Burton
3 Januari 1993

Kaka Royce,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Colette, na hongera zake. Krismasi ilikuwa ya sisi wawili. Nilioka nyama ya nguruwe, Baba akala na kulia kidogo, sijui kwa sababu ya kumkumbuka marehemu Mama au kwa sababu haradali ilimwingia puani. Bi. Odell alileta bakuli la maharage mabichi yenye uyoga kama kila mwaka, akanishika shavu akaniambia, "Arlene, umenawiri mwanangu, unang'aa. Kumlea mzazi kunakupendeza." Nikamshukuru. Nilitaka kumng'ata mkono.

Gari. Nimelipandisha kwenye stendi. Baba namtoa na kiti chake cha magurudumu, namfunika blanketi mbili, nawasha hita ya mafuta ya taa, anakaa pale ananiongoza kwa mkono wa kushoto. Kidole chake kinasema bolti ipi. Nikikosea anapiga kijiko kwenye bakuli, nikipatia ananyamaza. Nilidhani nimempata mnyapara mwingine, lakini huko gereji hagombi. Jikoni ananigombeza kwa chumvi, kwa soksi, kwa mlango. Gereji anatulia.

Nimekuta shida moja. Unajua ile fremu ya chuma inayoshika kioo cha mbele na milango, ile wenye magari haya wanayoiita tundu la ndege? Bodi ni ya faiba, haishiki kutu, kwa hiyo ukilitazama nje unasema gari zima. Ndani, tundu limeliwa na chumvi wanayomwaga barabarani kila theluji. Nilipochokonoa kwa bisibisi, chuma kilimwagika kama majani ya chai. Nimemtafuta mtu wa kuchomelea vipande vipya. Injini imekwenda kwa Lester Prusak, fundi wa kukereza vyuma kule barabara ya Dort, silinda mbili zilikuwa zimekwama kwa kutu.

Royce, umeniandikia kurasa mbili za gari na mstari mmoja wa Baba. "Tuone Pasaka" siyo jibu. Niambie unakuja kumchukua, au huji. Nikijua huji nitajua nimesimama wapi. Kinachoniua ni huku kusubiri gari la posta kila saa nne asubuhi, nimejificha nyuma ya pazia kama mtu anayedaiwa, na Baba ananitazama.

Arlene


Mesa
27 Januari 1993

Arlene,

Natumaini mko wazima. Nilikuwa Las Vegas kwenye maonyesho ya mabwawa, barua yako nimeikuta mezani niliporudi, Colette ameiwekea bili juu.

Nilipofika pale pa Lester Prusak nikaacha kusoma, nikachukua simu, nikauliza namba ya karakana yake, nikampigia. Nikamuuliza, "Ile injini ya mzee Stroud, umeigusa?" Akasema, "Imeshaiva bwana. Nimepanua silinda, nimesawazisha uso wa bloku, imekuwa kioo." Nikamuuliza, "Na namba?" Akauliza, "Namba gani?"

Namba gani, Leni. Ule uso uliosawazishwa ndio huo huo uliogongwa namba. Mashine imepita ikafuta kila kitu. Mtu yeyote mwenye gari kama hili humwambia fundi neno moja tu kabla hajaondoka: usiguse pale. Neno moja. Nilikwambia usitupe skrubu, nikadhani hilo linaeleweka.

Kuna mtu huku Scottsdale, ni hakimu wa mashindano ya magari haya, ni mteja wangu wa mabwawa. Nilishamweleza. Nilimwambia gari la baba yangu, injini aliyoitengeneza baba yangu, namba zake zote. Niliona macho yake yakiwaka. Sasa nimwambie nini? Ungekuwa umevunja kioo ningesema kitanunuliwa kingine. Namba hainunuliwi, na anayeigonga upya ni mwongo, watu wanatambua.

Sasa ni gari tu. Kama magari mengine yote.

Royce


Burton
14 Februari 1993

Kaka Royce,

Habari za kwako. Huku ni barafu tupu, gari la taka limeteleza likaangusha sanduku la barua la Bi. Odell, na ameliombolezea kuliko alivyomwombolezea mumewe. Baba alikuwa na kikohozi, kimepungua.

Niliposoma barua yako nililia. Sikujua. Hakuna aliyeniambia, na Lester anasawazisha bloku za malori mchana kutwa, hajawahi kuulizwa habari ya namba. Nilikaa kwenye ngazi za gereji nikijiambia nimefuta kitu pekee alichokiacha Baba kwenye dunia hii. Nikaona lazima nimwambie, na nimwambie mwenyewe.

Lester alipoirudisha nikamsogeza Baba karibu. Nikachukua kidole chake cha kushoto nikakiweka pale mahali palipo laini. Nikamwambia, "Baba, namba yako imefutika. Ni kosa langu." Akapapasa. Akapapasa tena. Halafu akacheka. Royce, sijamsikia akicheka tangu kiharusi. Akainua ngumi akawa anagonga hewani kama mtu mwenye nyundo, akasema, "Siku nzima. Namba, namba, namba." Akafanya uso wa mtu aliyechoka mpaka kwenye mifupa. Akasema, "Kichwa kiliuma."

Hayo ndiyo mawazo yake juu ya namba yako takatifu.

Basi nimeyachukua maneno yako. Ni gari tu. Na kama ni gari tu, litakwenda. Breki za dramu nimezitoa, naweka za diski, magurudumu yote manne. Giaboksi ya gia nne ilikuwa inalia, nimepata ya gia tano iliyotoka kwenye gari jipya lililogongwa nyuma, ikiingia ya tano injini inapumua vizuri barabara ndefu. Rejeta mpya ya alumini. Na nimeagiza kiyoyozi. Vitu vyako vya zamani viko kwenye mifuko ya nailoni, vyote nimeviandika majina kama ulivyotaka.

Hujanijibu kuhusu Pasaka. Usidhani sijaona.

Arlene


Burton
28 Machi 1993

Kaka Royce,

Mwezi na nusu hujaandika, na Jumapili nikipiga mimi, Colette ndiye anayepokea. Anasema uko kuoga. Umekuwa msafi sana.

Sisi tupo. Kanisa la Wapoland linakaanga samaki kila Ijumaa ya Kwaresima na ingawa sisi ni Wabaptisti namtuma Bi. Odell atuletee sahani mbili. Baba anapenda. Theluji imebaki kwenye mitaro tu. Ndege wamerudi na wanapiga kelele alfajiri, nami nawasikiliza nikiwa nimelala na macho wazi, nawaonea wivu, watu wazima hawapaswi kuwaonea ndege wivu.

Tundu limechomelewa, kioo kimerudi. Viti nimevishona mimi mwenyewe, hiyo ndiyo kazi yangu na mikono imeikumbuka. Cha dereva nimekiacha chembamba. Cha kulia nimekipanua, nimekipa mabega ubavuni ili mtu asiegemee mlangoni, na mkanda unaopita mabega yote mawili. Chini nimeweka sponji wanayotumia hospitali. Baba alikikalia kikiwa bado hakijafungwa ndani ya gari, kimewekwa sakafuni, akalala usingizi saa nzima. Kule kitandani hawezi.

Pasaka ni wiki mbili zijazo. Nimefua mashuka ya chumba chako cha zamani. Nimefanya hivyo kwa uchungu, lakini nimefanya.

Arlene


Mesa
19 Aprili 1993

Leni,

Nisamehe. Najua ulinisubiri. Mgongo ulinikamata siku ya Alhamisi Kuu, nikashindwa hata kuvaa viatu, muulize Colette. Tulikula Pasaka nimelala sakafuni na sahani kifuani.

Hasira za namba zimeniisha. Nimeongea na yule mtu wa Scottsdale, ana moyo mzuri. Anasema bado anataka kuliona, mradi ulirudishie vile vya zamani vilivyoko kwenye mifuko. Breki, giaboksi, viti. Nimepata lori la kubebea magari, linapita Michigan mwezi wa tano mwishoni, litakuja mpaka mlangoni. Wewe fungua gereji tu, hao watu wanajua kazi yao. Gari hata hivyo Baba aliniahidi mimi.

Na hicho kiyoyozi ni cha nini, mtu wa Michigan? Kiangazi chenu ni wiki tatu. Umenichekesha.

Kuhusu Baba. Chumba cha wageni kimejaa masanduku ya sampuli za kazi. Ngazi za hapa ni mbaya. Colette anatoka asubuhi. Joto la huku kwa mtu mwenye kiharusi sijui.

Leni, nimeandika hayo yote halafu nikayasoma, nikaona unayajua. Ngoja niseme. Ile mara ya kwanza nilipokuja hospitali, Baba alinitazama akaniita "bwana". Akaniambia, "Bwana, nitolee hiki," akionyesha mrija wa puani. Yule mtu alinifundisha kuendesha, alinipiga kwa kuendesha vibaya, aliweza kuinua giaboksi peke yake. Nilitoka nikakaa kwenye maegesho mpaka giza. Siwezi kumwona vile. Siyo kwamba sitaki, siwezi. Nimeshasema.

Lori litafika tarehe ishirini na sita.

Royce


Burton
8 Mei 1993

Kaka Royce,

Salamu kwenu. Baba mzima. Mimi mzima.

Asante kwa kusema. Ningependa ungesema miaka minne iliyopita, lakini asante.

Lori usilitume. Gari limewaka, linakwenda, nimelizungusha mpaka Lapeer na kurudi. Nitakuletea mwenyewe mwanzoni mwa Juni. Vya zamani siwezi kuvirudishia, nitavituma kwa posta, mwenye kuvitaka atavifunga.

Arlene


Mesa
18 Mei 1993

Leni wangu,

Umenifurahisha mpaka nimempigia Colette kazini. Kutoka Burton mpaka hapa, mwanamke peke yake kwenye Corvette! Baba angekuwa na akili zake angejivuna. Colette anasema utalala kwenye kochi la sebuleni, linakunjuka, ni zuri kuliko kitanda chetu. Yule wa Scottsdale nimemwambia. Tutachoma nyama.

Pita Saint Louis asubuhi, usiingie pale jioni. Oklahoma kuna upepo, shika usukani kwa mikono miwili. Kula vizuri. Usimpe mtu funguo hata kama ana sura ya mchungaji.

Nilitaka kuuliza, nani atakaa na Baba?

Royce


Amarillo, Texas
Jumanne, 1 Juni 1993

Kaka Royce,

Salamu kutoka kwenye chumba cha hoteli kinachonuka sigara. Nje upepo unavuma kama ulivyosema. Sisi wazima, tumechoka.

Ndiyo, sisi. Uliuliza nani atakaa na Baba. Nimekaa naye mimi, siku ya nne leo, yeye kiti cha kulia, mimi kwenye usukani. Sasa unajua kiyoyozi ni cha nini.

Tulitoka Jumamosi. Bi. Odell alikuja na gauni la kulalia mpaka barabarani, akauliza, "Mnakwenda wapi na mgonjwa?" Nikamwambia, "Kwa mwanawe." Akageuka mbio kwenda kuwaambia majirani. Baba alimpungia mkono wa kushoto kama rais.

Siwezi kukudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Kumshusha kila kituo ni kazi, gari lile liko chini na milango yake ni mifupi, namkumbatia kiunoni namvuta kama gunia na watu wanatazama. Alijichafua karibu na Springfield. Nilimsafisha nyuma ya kituo cha mafuta, nikiwa nimeshika taulo ya Mama, naye amegeuza uso. Lakini akiwa kitini na gari linakwenda hagombi. Hagongi kitu. Gia ya tano ikiingia anafunga macho nusu, mkono wa kushoto uko juu ya dashibodi, anasikiliza injini. Pale Rolla mzee mmoja mwenye kofia alikuja mbio na tochi mfukoni, akainama, akauliza, "Ni injini yake yenyewe? Namba zipo?" Mimi nikamfungulia boneti. Baba akamwambia, neno zima, safi, "Zimefutwa." Na alifurahi kumwona akiondoka.

Sasa lile lililonifanya niandike leo badala ya kulala.

Jana jioni Oklahoma nilikuwa namfungua mkanda. Akanishika mkono. Sikuwa nimemwambia kwamba atabaki kwako, nilisema tunakwenda kukutembelea tu, nilikuwa mwoga, hata mimi. Akaniuliza, "Unaniacha?" Nikasema, "Nakupeleka ukae kwa Royce, Baba. Nitarudi kazini." Akawa anahangaika na neno, nikamsubiri, nikidhani atasema hapana, nirudishe nyumbani, na akisema hivyo sijui ningefanya nini, huenda ningegeuza gari. Akasema, "Hatafungua."

Hilo tu. Hakulia. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha.

Nikamwambia utafungua. Sijui kama nimemdanganya baba yangu au sijamdanganya.

Uliandika kwamba huwezi kumwona vile. Royce, na mimi siwezi. Sijawahi kuweza hata siku moja. Hiyo hali haiondoki ukaanza kuweza. Unamvalisha soksi ukiwa huwezi, unampa uji ukiwa huwezi, kisha siku inaisha. Ndivyo nilivyofanya, sina siri nyingine ya kukupa.

Gari ni lako. Hati nimeweka saini, iko chini ya kiti. Ulilitaka lije, linakuja na mwenyewe ndani, na havitenganishwi, ndivyo nilivyolitengeneza. Dawa ziko kwenye begi la bluu. Akigoma kula, mzungushe nalo kidogo kabla ya chakula, atakula. Akikuita "bwana", itika. Mimi nitalala kwenye hilo kochi lenu usiku mmoja, kisha nitapanda basi kwenda Grand Rapids. Nitalia njia nzima, najua, na sitashuka.

Barua hii naituma kwa posta ya haraka, itakufikia kesho. Nimekuachia siku moja ya kutoa masanduku chumbani. Nilifikiria kukuachia mbili, nikaona mbili zinatosha kukimbia.

Tutafika Alhamisi alasiri. Injini ina sauti, mtatusikia tangu kona. Nitakuwa nimemkumbatia Baba kwa mikono miwili kumtoa kitini, kwa hiyo sitaweza kupiga hodi. Uwe umefungua.

Arlene